Namba Ishirini na Saba Haikulala

Chumba cha Maabara, Shuleni.
Jumatano, baada ya kengele ya mwisho.

Kwako Dada yangu mkubwa, unayeheshimiwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima yote anayostahili dada aliyenibeba mgongoni kabla hajabeba mtoto wake mwenyewe. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta umeketi, kwamba kidonda cha upasuaji kimefunga sawasawa, na kwamba huinui ndoo kama daktari alivyokataza, ingawa nakufahamu na najua unainua. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mtoto wako anakula, anarefuka, na viatu alivyoanzia mwaka tayari vinambana vidole.

Madhumuni ya barua hii ni kukuomba uamuzi juu ya fomu uliyoikuta ndani ya bahasha hii hii. Ni fomu ya mzazi kumruhusu mwanawe kuhamia ile shule maalumu ya sayansi na hisabati. Mwalimu Mkuu ameniagiza niitume kwako, uitie saini, irudi kabla ya Alhamisi ijayo, siku ambayo afisa wa ule mradi wa vishikwambi atakuja kuichukua. Agizo nimelitekeleza. Hata hivyo nakusihi, kalamu iweke chini kwanza. Usitie saini mpaka umefika mstari wa mwisho wa barua hii, na uisome ukiwa peke yako. Ningeweza kupiga simu, ila simu ya ofisini husikilizwa na watu wanne, na ya kwako wewe huiweka kwenye kipaza sauti, hata majirani hujibu kabla yako.

Kama ujuavyo, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiwa mtunza maabara. Kazi yangu ni kuosha chupa, kupima dawa, kuhesabu mizani na kufunga mlango. Elimu ya darasani iliniishia darasa la saba. Iliyobaki nimejiokotea mwenyewe katika vitabu visivyo na majalada, na ndiyo maana walimu hunitania kwa jina la Profesa wa Chupa. Jina hilo sikulichukia. Mtu akiitwa profesa, hata kwa mzaha, hujitahidi kusema sawasawa.

Mwezi wa pili mradi ulituletea vishikwambi arobaini, pamoja na kabati la chuma la kuvichajia, na kabati hilo likawekwa maabara, chini ya ufunguo wangu. Humo mna masomo ya hisabati na sayansi. Kila mtoto amepewa namba yake na neno lake la siri. Akiifungua namba, mashine humuuliza maswali; akipata, humpandisha ngazi inayofuata; akikosa, humrudishia yale yale mpaka ayaelewe. Masomo hayo hufunguka hata kwenye simu ya nyumbani, ikiwa ni simu ya kisasa. Afisa wa mradi, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alitueleza kwamba mashine haijui mtoto ni wa nani wala amevaa nini. Inajua namba tu. Sisi tulipiga makofi.

Na kwa haki niseme, mradi ni mzuri. Nimeona kwa macho yangu watoto waliokuwa wakisinzia kwenye hesabu za sehemu sasa wakizigombania. Mpishi wa shule alikuja kunilaumu kwamba chakula kinapoa kwa sababu ya hayo madude yangu. Mwanao, ambaye darasa zima humwita Kwanini kwa jinsi anavyouliza, alikuwa akipanda taratibu kuliko wenzake, kwa kuwa hakubali kuvuka swali ambalo hajajua limetoka wapi. Mwezi wa tano ulipoanza alikuwa ngazi ya nne. Hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho, na alikuwa na furaha.

Sasa ipo kanuni moja ya mradi ambayo lazima uifahamu, maana yote yaliyofuata yamesimama juu yake. Namba isiyofunguliwa kwa siku kumi na nne huandikwa kwa rangi nyekundu, yaani mtoto huyo ni mtoro. Shule yenye namba tano nyekundu hunyang'anywa vishikwambi, vikapewa shule nyingine. Huku kwetu watoto hukosekana kwa sababu nyingi. Mwalimu Mkuu aliniita akaniambia maneno haya, na ninayanakili kama yalivyotoka: "Profesa, namba isilale. Mtoto akikosekana, wewe ifungue, bonyeza jibu lolote, funga. Tunaiamsha tu, hatuisomeshi." Akanikabidhi orodha ya maneno ya siri. Tangu hapo kila Ijumaa alasiri nikawa naamsha namba. Ndivyo tulivyoliita jambo hilo, kuamsha, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwezi huo huo wa tano wewe ukapasuliwa, ukamwita mtoto akuuguze, naye akakaa kwako wiki sita. Hayo siyataji kwa kukulaumu. Ningekuwa mimi kitandani ningemwita vilevile, na pengine ningelalamika zaidi.

Aliporudi alikuja mbio maabara kuchukua kishikwambi. Akafungua namba yake, ishirini na saba. Nilikuwa nafuta meza, nikamwona anakigeuza nyuma, anakigeuza mbele, anafuta kioo kwa pindo la sketi. Alidhani amepewa cha mtu mwingine. Alikuwa ameacha hesabu za sehemu, sasa alikuta herufi mahali pa tarakimu, mabano ndani ya mabano, na mashine ikimwambia kwamba yuko ngazi ya kumi na nne.

Mwalimu wa Hisabati akatazama orodha yake, akafurahi. Akamwambia mbele ya darasa kwamba hongera, kumbe kwa mama ulikuwa unasoma. Mtoto akajibu kwamba hakuwa akisoma, alikuwa akifua vitambaa vya kidonda. Mwalimu akacheka akasema, "Basi umefua na hesabu zikatakata." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu aliamini mtoto alitumia simu yako. Wewe na mimi tunajua simu yako ni ya vitufe, na kitufe cha nne kimezama.

Kuanzia siku hiyo mambo yakawa magumu. Alipokosa, mwalimu alimwambia anajifanya hajui ili asiitwe ubaoni. Wenzake wakambadilisha jina. Wakamwita Mficha Akili. Binti mmoja wa dawati la nyuma akawa anamuuliza kila asubuhi, "Leo umeficha wapi, kwenye soksi?" Nyumbani alikaa na daftari akiandika na kufuta, akiandika na kufuta, mpaka karatasi ikatoboka. Mtoto aliyewahi kuniuliza kwa nini barafu huelea ilhali ni maji yale yale, hakuniuliza tena hata saa ya kula. Nilimwambia atapata tu. Akaitikia kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kilio.

Wakati huo wote namba yake haikushuka. Ilipanda. Ripoti ya kila mwezi ilipokuja, namba ishirini na saba ilikuwa ya tatu katika shule zote tisa za mradi, kisha ya pili, na mwezi uliopita ya kwanza, ngazi ya ishirini na moja. Afisa wa mradi akaja na wageni wawili. Akamshika mtoto mkono, akamwomba awaeleze wageni jinsi alivyolitatua swali moja aliloliona kwenye ripoti. Mtoto akatazama sakafu. Mwalimu Mkuu akakohoa. Afisa akaokoa jahazi, akasema wenye akili nyingi aghalabu huwa na haya, na wageni wakatabasamu wakaandika.

Siku tatu baadaye tukaarifiwa kwamba ile nafasi moja ya shule maalumu amepewa mwanao. Hakutakuwa na mtihani, kwa sababu mashine imekwisha kumpima miezi mfululizo. Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipokupigia simu, na nimesikia kwamba ulipiga vigelegele ukiwa umeshika mshono wako kwa mkono mmoja, na kwamba mtaa mzima unajua.

Wa pili baada yake ni binti wa seremala, ngazi ya kumi na tisa. Mtoto huyo huja shuleni na vumbi la randa kwenye nywele, na kila ngazi aliyopanda nimemwona akiipanda, maana hukaa dirisha la kwanza na huhesabu kwa kunong'ona. Alikuja kumpongeza mwanao kwa moyo mweupe. Akamwomba amfundishe swali moja tu la ngazi ya ishirini. Mwanao akasema kichwa kinamuuma. Siku hiyo hakula.

Dada, sasa nimefika mahali ambapo maneno mazuri hayanisaidii, nami nitasema kama mtu asemavyo.

Ngazi zile ni zangu.

Ijumaa ya pili baada ya mtoto kuja kwako nilifungua namba yake ili kuiamsha. Agizo lilikuwa kubonyeza jibu lolote. Swali lilikuwa la sehemu, na majibu manne yalikuwa mbele yangu, na matatu kati yake yalikuwa uongo. Sikuweza kubonyeza uongo. Unanijua; hata tangazo la dukani likiandikwa vibaya mimi husimama nikalirekebisha, ukanicheka mara ngapi. Nikatafuta karatasi, nikakokotoa, nikabonyeza lililo sahihi. Kioo kikawa kijani, kikaandika: Vizuri sana, endelea. Dada, tangu nilipotoka darasa la saba hakuna aliyewahi kuniambia endelea. Nikaendelea.

Namba za watoto wengine niliziamsha kwa jibu moja moja nikazifunga, kwa kuwa wenyewe walirudi upesi. Ya mwanao ilikuwa wazi wiki sita, na neno lake la siri nilikuwa nalo. Jumatatu nikavuta kiti. Jumanne nikaja na daftari. Kila alasiri, vishikwambi vikichaji na fagio likiwa limeegemea mlango, nilikaa kwenye kigoda cha wanafunzi nikasoma. Nina miaka arobaini na mitatu, na ni mwaka huu nilipofahamu kwamba ile herufi kwenye mlinganyo si fumbo la kuwatisha maskini. Ni namba tu ambayo bado haijasema jina lake. Siku niliyolifahamu hilo nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

Mtoto alipokaribia kurudi nilipaswa kwenda kusema. Afisa wa mradi anaweza kuirudisha namba kwenye ngazi yoyote, ila huhitaji maelezo ya maandishi. Nilijiambia kwamba nikisema watachukua vishikwambi arobaini na watoto wote wataumia kwa kosa langu. Ni kweli wangeweza kuvichukua. Lakini hiyo si sababu ya kwanza, na sikuandikii ili nijipambe. Sababu ya kwanza ni kwamba sikutaka kuiacha ile namba. Mtoto alipokosea asubuhi, mimi nilipata alasiri. Nilisema nalinda jina la mtoto. Nilikuwa nalinda kiti changu mbele ya kioo.

Na bado sijamaliza.

Wiki tatu zilizopita mwanao aligundua ukurasa unaoorodhesha siku ambazo namba imefanya kazi. Nani angeugundua kama si yeye? Alikuja maabara baada ya kengele, akaweka kishikwambi mezani, akanionyesha tarehe moja. Akasema, "Mjomba, siku hii mama alitolewa nyuzi. Mimi nilimshika mkono tangu asubuhi. Sasa nani alifanya maswali thelathini?" Sauti yake haikuwa ya kushtaki. Alikuwa ameniletea swali, kama alivyokuwa akiniletea yale ya barafu.

Nikamwambia mashine huchanganya tarehe.

Kisha akaniuliza kama mtu anaweza kujua jambo, halafu akili yake ikalitupa lote asibaki nalo hata chembe. Nikamwambia hutokea. Akashukuru, akakirudisha kishikwambi kabatini mahali pake, akachomeka waya. Tarehe aliiona kwa macho yake, na siku yenyewe aliiishi, lakini mjomba akisema neno, mtoto wako huamini neno la mjomba. Tangu siku hiyo anaamini kwamba ana ugonjwa wa kichwa. Amemuuliza hata muuguzi wa shule kama ugonjwa huo una dawa.

Tangu hapo nimekuwa nikimfundisha kwa karatasi, kila siku, bila mashine, kuanzia pale alipoacha. Anapokea upesi, kwa namna yake ya kung'ang'ania mzizi. Kwa haki yake mwenyewe leo yuko ngazi ya nane. Lakini shule ile maalumu hutumia masomo yale yale, na namba humfuata mtoto. Akifika huko ataketi kati ya watoto wa ngazi ya ishirini, na mashine itamuuliza ya ishirini na mbili, na sitakuwapo alasiri.

Jumatatu nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Nilikuwa nimeandaa maelezo, nikaanza kuyasema. Alinyanyuka akafunga dirisha. Akasema, "Profesa, mimi niliagiza namba ziamshwe. Ukisema zaidi ya hapo nitakuwa nimesikia. Hadi sasa sijasikia." Kisha akanipa fomu hii, akaniambia nitumie bahasha nzuri.

Nimeandika barua nyingine kwa afisa wa mradi. Imo kwenye droo yangu, imefungwa, haina tarehe. Humo nimeeleza yote kwa jina langu, na nimeomba namba ya mwanao irudishwe ngazi yake ya haki, na jina la binti wa seremala litazamwe. Agizo la kuamsha namba nimelitaja pia, kwa kuwa bila hilo maelezo hayakamiliki. Najua yatakayofuata. Ufunguo wa maabara huenda ukachukuliwa. Vishikwambi huenda vikaondoka, na watoto arobaini watajua ni kwa sababu ya nani. Nawe mtaani utaulizwa safari imeishia wapi, na hutakuwa na jibu la kumpendeza mtu.

Njia ya pili ipo, nami sitaificha. Ukitia saini, barua ile nitaichoma, nitafunga mdomo, na nitamfundisha mwanao kila likizo kwa nguvu zangu zote. Pengine atawafikia wenzake, maana akili anayo. Pengine atavunjika kabla hajawafikia. Nafasi ile haitarudi tena, na wewe umefua mashuka ya watu miaka yote hii ukiitazamia nafasi ya namna hiyo.

Maoni yangu ni kwamba irudi bila saini. Lakini nimekwisha kuamua mambo mengi kwa niaba ya mtoto huyu pasipo kumuuliza mtu, kwa hiyo hili siliamui.

Liko moja tu ambalo siliombei ruhusa. Nikishaifunga bahasha hii nitakwenda nyumbani, nitamkalisha, na nitamwambia kwamba akili yake haikutupa kitu, kwamba tarehe ilikuwa sahihi, na nani aliyeketi kwenye kiti chake. Barua ikikufikia atakuwa anajua. Sitamwomba anisamehe leo. Nitamwacha aulize, na nitajibu kila atakalouliza kwa muda wote atakaotaka.

Nisalimie mama mwenye nyumba wako, na yule muuguzi aliyekuwa akikufunga kidonda, na wote wanaoniulizia. Dawa za jioni zinywe baada ya chakula, si kabla. Mwanao ameniagiza nikwambie kwamba ndoo ziache.

Kwa unyenyekevu basi, Dada, nakuomba uamuzi wako kabla ya Alhamisi ijayo: fomu hii uitie saini, au uirudishe kama ilivyo?

Ni mimi mdogo wako,
Mtunza Maabara.